Kupanga na Kupamba Darasa la Gredi ya 1 hadi ya 3: Anza na Sakafu, Ukuta Utafuata

Darasa tupu humshawishi mwalimu aanze na ukuta. Ananunua manila, maka peni za rangi sita na selotepu, na kufikia Ijumaa ya wiki ya kwanza ukuta umejaa hadi kwenye mbao za paa. Wiki ya tatu selotepu imeachia, chati mbili zimejikunja kama majani ya mahindi yaliyokosa mvua, na mtoto wa safu ya nyuma hajasoma hata moja kwa sababu herufi zenyewe zinaishia machoni pa safu ya pili.

Mpangilio unaofaa unakwenda kinyume: sakafu kwanza, halafu mwanga na ubao, halafu kona za kujifunzia, ukuta mwisho. Na kitu kikipanda ukutani kiwe na kazi ambayo mtoto ataifanya nacho. Kazi ikiisha, kishuke. Maelezo haya yanalenga madarasa ya kawaida ya Kisumu, Kakamega, Busia, Bungoma na Nakuru: paa la mabati lisilo na dari, watoto wengi, fedha kidogo. Tenga siku nne za kazi, si lazima zifuatane, kwenye likizo ya Desemba au mwanzo wa Januari, na siku moja kati ya hizo uwe na fundi wa mbao.

Pima kabla ya kusogeza dawati

Chukua tepu ya kupimia, chaki na daftari. Toa madawati yote nje, fagia, kisha pima urefu na upana wa chumba, mahali mlango ulipo, na kimo cha dirisha kutoka sakafuni. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataja chumba cha mita 7.5 kwa 5.85, au 7.5 kwa 6.0, kwa watoto wasiozidi 30 wenye dawati la mmoja mmoja au 40 wenye madawati ya wawili wawili. Mwongozo huohuo unataka mlango ufungukie nje na madirisha yasiwe na nondo. Kama mlango wa darasa lako unafungukia ndani, huo ndio urembo wa kwanza wa kumwomba mwalimu mkuu, kabla ya rangi. Fundi atahamisha bawaba kwa asubuhi moja.

Sasa hesabu. Chumba cha 7.5 kwa 6.0, watoto 40, madawati 20. Dawati la wawili pamoja na kiti chake huchukua takriban mita 1 kwa upana na sentimita 90 kwenda nyuma. Panga mistari minne ya madawati matano. Upana unatumia mita 4 za madawati na njia tatu za nusu mita kila moja, na pembeni zinabaki sentimita 25 kila upande. Urefu unatumia mita 2 wazi mbele ya ubao, mita 4.5 za madawati, na mita 1 nyuma. Chora haya yote sakafuni kwa chaki kabla ya kurudisha dawati hata moja. Ni rahisi kufuta mstari kuliko kubeba mbao.

Ukiona njia ya nusu mita ni finyu, umeona sawasawa. Ndiyo maana meza kubwa ya mwalimu haifai kukaa mbele katikati. Isukume kwenye pembe ya mbele iliyo mbali na mlango, au uibadilishe kwa meza ndogo ya sentimita 60 kwa 90. Zile mita 2 za mbele ndizo mali ya darasa zima, na meza ikikaa pale inazila.

Darasa la watoto 60 au 70 halina hesabu nzuri. Watoto watatu wa gredi ya 1 wanaweza kubanana kwenye dawati la mita 1 kusoma, lakini kuandika hawawezi, viwiko vinagongana. Mahali hapo gawanya zamu: wakati nusu wanaandika, nusu wawe kwenye mikeka mbele au nje chini ya mti wakifanya kazi ya mdomo. Chochote kingine ni kujidanganya.

Vikundi bila kuhamisha darasa zima

Walimu wengi wameambiwa wapange watoto kwa vikundi, wakaunganisha madawati manne manne, na mwisho wa siku nusu ya darasa imeupa ubao mgongo. Katika chumba cha ukubwa huu madawati yaliyounganishwa namna hiyo hayatoshi vizuri, na kuyasogeza kila somo kunakula dakika kumi na kuvunja miguu ya dawati.

Fanya hivi. Madawati yabaki kwenye safu zake tano, kutoka mbele kwenda nyuma, kila safu madawati manne. Wakati wa kazi ya kikundi, safu ya 1 inazungusha madawati yake kuitazama safu ya 2, na safu ya 3 inazungusha kuitazama safu ya 4. Mara moja una vikundi vinane vya watoto wanne wanne, na hakuna dawati lililotoka mahali pake. Safu ya 5, watoto wanane, wanakuja mbele kwenye mkeka, na hao ndio unaowasomesha kwa karibu siku hiyo. Wiki inayofuata badilisha: waliokuwa safu ya 5 wanaingia ya 1, na kila safu inarudi nyuma hatua moja. Kwa wiki tano kila mtoto ameketi mkekani karibu nawe na kila mtoto ameketi mbele. Asiyeona vizuri au asiyesikia vizuri yeye habadilishwi. Mahali pake ni safu ya 1 au ya 2, katikati, daima.

Paka alama ya rangi sakafuni, nukta moja kwenye kila pembe ya dawati. Watoto wa gredi ya 1 watarudisha madawati wenyewe bila wewe kupaza sauti. Sakafu ikiwa ya udongo, pigilia vigingi vifupi vilivyozama kabisa, vichwa vikilingana na ardhi, vimepakwa chokaa. Nyunyizia sakafu hiyo maji kidogo kila asubuhi kabla ya kufagia, maana vumbi kavu ndilo makao ya funza.

Mwanga na ubao

Ikweta inapita Maseno, njiani kutoka Kisumu kwenda Busia, kwa hiyo huku kwetu jua halina mchezo wa kujificha upande mmoja mwaka mzima. Madirisha ya mashariki huingiza jua kali asubuhi na ya magharibi alasiri. Ukuta wa nje wa kaskazini hupigwa katikati ya mwaka, wa kusini kuelekea Desemba. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, ubao ukae kwenye ukuta usio na dirisha, na mwanga mkuu uwaingie watoto kutoka kushoto, ili wengi wanaoandika kwa mkono wa kulia wasijitilie kivuli.

Jaribu mng'ao: saa tatu asubuhi, kisha tena saa tisa alasiri, keti kwenye kila dawati la pembeni, kichwa chako kikiwa kimo cha mtoto, ukatazame ubao. Ukiona doa jeupe badala ya maandishi, tundika gunia jepesi kwenye dirisha linalohusika, sehemu ya juu tu, lifungwe kwa kamba linaloweza kuteremshwa. Usizibe dirisha zima, hewa pia inahitajika, hasa Kisumu mchana.

Ubao uliochakaa unafufuliwa kwa rangi ya ubao. Osha kwa maji na sabuni, ukauke. Ziba nyufa kwa saruji laini, siku ya pili uusugue kwa msasa hadi mkono ukipita usikwaruze. Paka mkono wa kwanza kwa kwenda kulia na kushoto, acha siku moja, paka wa pili kwa kwenda juu na chini. Acha siku tatu. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, usiandike. Laza chaki ubavu, uisugue ubao mzima mpaka uwe mweupe, halafu ufute kwa kitambaa kikavu. Ubao usiofanyiwa hivyo huhifadhi neno la kwanza lililoandikwa, na kivuli chake kitaonekana hadi Agosti.

Rangi ikibaki, usiifungie stoo. Ukuta wa nyuma, kuanzia sentimita 50 hadi 110 kutoka sakafuni, upake mkanda wa mita 3. Huo ni ubao wa watoto. Eneo lake ni chini ya mita 2 za mraba, na lita moja inatosha mikono miwili na ziada. Mtoto wa miaka sita anayeogopa daftari huandika herufi kubwa pale bila woga, kwa sababu kosa linafutika kwa kiganja.

Kona, zilivyo na zisivyo

Kona nne zinatosha: kusoma, hesabu, mazingira, na duka. Nyuma una mita 1. Rafu yenye kina cha sentimita 30 inaacha sentimita 5 nyuma yake na 65 za kupita. Rafu isizidi mita 1 kwa kimo, na ubao wake wa chini uinuliwe kwa matofali sentimita 20 kutoka sakafuni. Isimame sentimita 5 mbali na ukuta, ili uone mchwa wanapopanda kabla hawajafika kwenye vitabu.

Kona ya kusoma iwe mbali na mlango na karibu na dirisha. Vitabu visimame vikionyesha jalada, si mgongo. Mtoto asiyejua kusoma huchagua kwa picha. Kamba mbili za mkonge zilizokazwa kwa misumari, moja juu ya nyingine, hushika vitabu 10 hadi 12 vya hadithi bila rafu yoyote. Chini tandika mkeka wa mafunjo, ambao Kisumu unapatikana Dunga au soko la Kibuye.

Kona ya hesabu haihitaji duka la vifaa. Vifuniko vya soda 200, ukingo wake umepondwa kwa nyundo usikate vidole. Vijiti vya fagio au mabua ya mtama vilivyokatwa sentimita 12, kumi kumi, vimefungwa kwa pete za tyubu ya baiskeli zenye upana wa nusu sentimita. Mafungu kumi ya vijiti kwa kila kikundi hutosha kufundisha makumi na mamoja hadi 100. Magunzi ya mahindi yanafaa kwa kuhesabu pia, lakini hupata ukungu wakati wa mvua ndefu. Yaanike kila wiki mbili.

Kuhusu mbegu, sikiliza vizuri. Maharagwe ni mazuri gredi ya 2 na ya 3, ila yakaangwe kwanza bila mafuta, la sivyo fukusi watakuachia unga. Gredi ya 1 usiwape: haragwe likiingia puani au sikioni hulowa likavimba, na hapo mtoto ni wa hospitali. Mbegu za mbarika, za mbono kaburi, na zile za turituri nyekundu zenye doa jeusi, zisiingie darasani kabisa hata kama zinapendeza kutungwa shanga. Zina sumu.

Duka la darasa ndilo kona inayopendwa kuliko zote, na ndilo linaloharibika upesi kuliko zote. Pakiti tupu za unga, chumvi, majani chai, sabuni na kiberiti zijazwe magazeti yaliyofinywa ili zisimame. Pakiti ya sukari na ya unga ikung'utwe na kupanguswa ndani, vinginevyo sisimizi watafungua duka lao. Bei ziandikwe kwa namba nzima. Pesa zichorwe na watoto wenyewe kwenye kadi: duara za shilingi 1, 5, 10 na 20, na mistatili ya noti za 50, 100 na 200. Usitoe kopi ya noti halisi kwa mashine. Kila Ijumaa mtoto mmoja ahesabu sanduku. Pesa zikipungua, watengeneze nyingine, somo ni lilelile.

Kona ya mazingira ipite kwa ufupi: kingo ya dirisha, chupa tatu za plastiki zilizokatwa, mahindi na kunde vinavyoota, na chati ya hali ya hewa inayobadilishwa na mtoto wa zamu. Mmea ukifa, acha siku mbili waone ulivyokufa, kisha utoe.

Kabla ya kupamba: mahali pa kushikiza

Selotepu kwenye ukuta wa plasta haidumu. Joto la mabati mchana huilegeza, unyevu wa usiku humalizia, na inapong'oka inaondoka na rangi. Msumari mmoja mmoja nao unapasua plasta. Suluhisho ni mbao mbili za inchi 2 kwa 1, zimelazwa kando ya ukuta mzima, moja mita 1.3 kutoka sakafuni na nyingine mita 2. Zishikwe kwa misumari ya zege kila baada ya sentimita 60. Ukuta hautobolewi tena. Kila kitu kinapigiliwa au kufungwa kwenye mbao.

Ukipata mkeka wa mafunjo, ushone kati ya mbao hizo mbili. Mafunjo yanakubali pini kwa urahisi na hayaachi shimo, na hewa inapita nyuma yake, jambo linalookoa karatasi Kakamega na Vihiga ambako kuta hutoa jasho miezi ya mvua. Usitundike karatasi moja kwa moja kwenye ukuta unaopigwa na mvua kutoka nje. Ukungu utaanza nyuma, usiuone hadi chati iwe na madoa mbele.

Ukuta wa udongo haushiki msumari wala gundi. Simamisha fito mbili, moja kila pembe, zifungwe juu kwenye pau na chini zichimbiwe sentimita 30, kisha kaza kamba za mkonge kati yake na utumie vibanio vya nguo.

Gundi ya kupika ni rahisi: kikombe 1 cha unga wa ngano au wanga wa muhogo, ukorogwe kwanza na kikombe 1 cha maji baridi hadi madonge yaishe, ndipo umiminiwe kwenye vikombe 3 vya maji yanayochemka, kijiko cha chumvi, koroga dakika tatu. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji moto utapata ugali mbaya. Gundi hii hukaa siku mbili au tatu. Itumie kubandika karatasi kwenye boksi, si kwenye ukuta. Panya na mende wanaijua.

Chati ya gunia

Manila ni nzuri kwa kitu cha mwezi mmoja. Kitu cha mwaka mzima, kama silabi, namba 1 hadi 100 au siku za wiki, kiandikwe kwenye gunia jeupe la sukari la kilo 50.

1. Fumua mshono wa chini na wa ubavu. Utapata kipande cha takriban mita 1 kwa mita 1. Osha kwa sabuni mara mbili. Sukari iliyobaki kwenye nyuzi huita sisimizi.
2. Anika kivulini. Usipige pasi, gunia la nailoni huyeyuka. Likunje kwenye mpini wa jembe, lilale usiku chini ya godoro.
3. Kunja ukingo sentimita 2 pande zote na ushone kwa sindano ya gunia, nyuzi zisifumuke.
4. Tumia upande wa ndani usio na chapa. Chora mistari kwa penseli na mbao iliyonyooka.
5. Andika kwa maka peni ya wino usiofutika. Subiri dakika kumi kabla ya mkono kupita juu ya mstari ulioandikwa, maana wino haunyonywi na gunia, unakaukia juu.
6. Pitisha ufito juu na mwingine chini, funga kamba, tundika.

Wino mwekundu hupauka kabla ya mingine. Utumie kwa mistari ya mapambo, si kwa neno ambalo mtoto lazima alisome. Njano haionekani kabisa kutoka safu ya tatu.

Ukubwa wa herufi unatokana na umbali: sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3. Safu ya nyuma katika chumba chetu iko mita 6.5 kutoka mbele, kwa hiyo herufi ndogo kama "a" iwe na kimo cha sentimita 5 na nusu. Pia unene. Herufi ya kimo hicho inahitaji mstari wa karibu milimita 8, na maka peni ya kawaida hutoa nusu yake. Pitia mara mbili sambamba, au tumia brashi. Andika "a" na "g" kama zilivyo kwenye kitabu cha darasa, na usiandike chati nzima kwa herufi kubwa. Mtoto hataziona herufi hizo kwenye ukurasa wake.

Cha kuandika

Chati za kununua za alfabeti ya Kiingereza huanza na tufaa, ambalo watoto wengi wa Siaya hawajalionja. Tengeneza yako ya silabi za Kiswahili, ba be bi bo bu, na kwa herufi moja moja chagua vitu vinavyopita mbele ya macho yao: "o" kwa omena, "m" kwa mahindi au mbuta, "n" kwa nanasi, "ny" kwa nyuki, "ng'" kwa ng'ombe. Kumbuka Kiswahili hakina "q" wala "x", na "c" haiji bila "h". Chati inayoziweka humo inafundisha kosa.

Chati ya vitate, yaani maneno yanayokaribiana kimatamshi, ndiyo inayostahili nafasi bora kuliko zote upande huu wa nchi, na ndiyo nadra kuliko zote. Isiwe ileile kwa kila shule. Penye watoto wanaotoka kwenye Kijaluo, weka jozi za "s" na "sh": sindano na shindano, kosa na kosha, sina na shina. Bungoma, na pia kwa watoto wa Kikalenjin walio wengi upande wa Nakuru, weka zile za "b" na "p", "d" na "t", "g" na "k": bata na pata, doa na toa, goti na koti. Nakuru mjini, ambako Kikuyu kinasikika kila kona, ongeza "l" na "r": kula na kura, mahali na mahari. Picha pembeni ya kila neno, isipokuwa yale yasiyochoreka. Chati hii si ya kumcheka mtu. Iwe kimo ambacho mtoto ataigusa kwa kidole huku akitamka, kati ya sentimita 70 na 130 kutoka sakafuni, jozi tano kwa wiki tatu, kisha ibadilishwe.

Vibandiko vya vitu, yaani mlango, dirisha, kiti, rafu, viwe vya lugha tatu na rangi tatu: kijani Kiswahili, bluu Kiingereza, kahawia lugha ya mama. Kwa Kijaluo "kiti" ni "kom". Lugha ambayo huijui, muulize mzazi akuandikie, usikisie. Nakuru yenye lugha nyingi darasani, acha nafasi ya kahawia wazi na kila wiki mtoto mmoja alete neno la kwao.

Nafasi ya kazi za watoto iwe nusu ya ukuta wa pembeni. Kila mtoto apewe kibanio chake chenye jina, vibanio 40 kwa watoto 40, kwenye kamba mbili. Kazi mpya ikija, ya zamani inaenda nyumbani. Hivi hakuna anayesahaulika na hakuna anayeonekana kila mara, jambo ambalo hutokea mwalimu akichagua "kazi nzuri" tu.

Kiasi gani kinatosha

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha matokeo ya kufundisha watoto 24 wa chekechea, masomo mengine katika chumba kilichojaa mapambo na mengine katika chumba kisicho na chochote. Kwenye mapambo mengi watoto walipotea mawazo zaidi na wakapata asilimia 42 ya majibu. Kwenye kuta tupu, asilimia 55. Watoto 24 ni wachache, na darasa tupu kabisa si jambo tunalolipendekeza kwa mtoto ambaye huenda nyumbani hana kitabu. Ila ukuta wa mbele uache utulie: ubao, tarehe, ratiba ya siku, na chati moja ya somo la wiki. Rangi kali na picha zihamie nyuma na pembeni. Rangi ya ukuta wenyewe iwe krimu au nyeupe ya maziwa juu, na chini, hadi mita 1.2, rangi ya mafuta iliyokolea inayofutika kwa kitambaa, maana mikono ya udongo mwekundu itafika tu.

Vitu vya kuning'iniza kutoka kwenye paa vianzie mita 2 kwenda juu, na visikae kati ya macho ya mtoto na ubao. Kwenye upepo wa Januari wa Nakuru vinazunguka mchana kutwa na watoto wanavitazama, kwa hiyo pale ni bora viachwe kabisa.

Mvua, mchwa na mwisho wa muhula

Mvua kubwa ya alasiri ikipiga mabati, hakuna anayekusikia, na kupaza sauti ni kuumiza koo bure. Tayarisha sanduku la kadi za mvua: kadi 40 ngumu zenye kazi isiyohitaji maelezo, kama kulinganisha neno na picha, kupanga silabi, au kujumlisha kwa vijiti. Mvua ikianza, mtoto wa zamu agawe. Sanduku likae juu ya rafu lisipofikiwa na matone, na kama bati linavuja weka alama ya chaki sakafuni penye tone, ili fundi asitafute siku ya jua.

Kila Ijumaa inua sehemu ya chini ya kila chati na uangalie nyuma. Mstari wa udongo unaopanda ukutani ni mchwa. Vunja mstari, ufuate hadi sakafuni, na umwambie mwalimu mkuu siku hiyohiyo, kwa sababu jivu linawachelewesha tu. Angalia pia misumari iliyochomoza na pini zilizoanguka karibu na mkeka.

Muhula ukifunga, magunia yavingirishwe kwenye fito zake, maandishi yakiwa ndani, yafungwe kwa pete za tyubu na kuning'inizwa kwenye pau, si kulazwa stoo. Manila zilizotumika geuza, upande wa nyuma ni wa kadi za muhula ujao. Vifuniko, vijiti na kadi vihesabiwe kwenye mikebe yenye idadi iliyoandikwa nje, ili mwalimu atakayefungua darasa Januari ajue ni vingapi vya kutafuta.